Sufuria Zilisafiri Zimelala

Ilianza Jumatano, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni, jikoni kwetu, karibu na Masimba, na saa hiyo siikumbuki kwa sababu nina akili sana, naikumbuka kwa sababu niliiandika, na kuiandika ndiko kulikotumaliza (mwezi siwaambii, angalau hilo nimejifunza). Naona aibu mpaka leo. Si ile aibu ya kuteleza kwenye tope mbele ya wavulana, halafu wiki ikiisha mnacheka pamoja. Hii yangu nikisikia tu mtu kanisani anagonga maikrofoni, moja mbili, moja mbili, nainuka natoka nje.

Mniite Kemunto. Niko kidato cha tatu, shule yetu ina wa bweni na wa kutwa, mimi ni wa kutwa, na mimi ni yule msichana ambaye mwisho wa mwaka mwalimu bado anakisia jina lake. Nikisimama kujibu swali, jibu ninalo lakini sauti inabaki kooni. Kwa hivyo naandika. Nina daftari nene la jalada gumu, mbele ni shajara yangu na nyuma ni mapambo ya insha. Kama hukusomea huku, mapambo ni zile sentensi tamu tamu ambazo mwanafunzi anakusanya mwaka mzima, anazikariri, halafu siku ya mtihani anazinyunyiza kwenye insha ili kalamu ya mtahini ilegee. Kila mtu anazo na tunaazimana kama chumvi. Wengi wanayachota vitabuni, mimi mengi natunga mwenyewe, na kando ya kila pambo naandika siku, saa, mahali nilipokuwa na nani alikuwepo. Msiniulize kwa nini. Labda mtu asiyesikika anataka kuwe na ushahidi kwamba naye alikuwepo.

Sasa Tata. (Tata ndivyo sisi tunavyomwita baba.) Tata ni karani kwenye ofisi moja ya serikali, ofisi gani na mji gani hayo nitakufa nayo, yuko upande wa magari, na kazi yake ni kupokea karatasi za safari: gari gani limetoka, limeenda wapi, limebeba nini. Imebaki miaka miwili astaafu. Ni mzee wa kanisa, Msabato wa kweli kweli, mtu ambaye Jumamosi hata viatu hapigi rangi, vinapigwa Ijumaa kabla jua halijazama. Mtu mpole. Mtu ambaye mkimwona njiani na kofia yake mkononi hamwezi kudhani ana neno la kusema.

Lakini kulikuwa na ukurasa mtandaoni, unaitwa Dirisha la Nyuma, ambapo watu wa maofisini wanaandika mambo ya ndani bila majina yao, nani amemwajiri shemeji yake, nani amehamishia jenereta ya kliniki nyumbani kwake, na huku kwetu hakuna asiyeusoma, hata wale wanaosema ni wa wambea. Huko Tata alikuwa anaitwa Karani Mkimya. Tuliokuwa tunajua ni watatu, yeye, mama na mimi. Mimi nilijua kwa sababu ndiye niliyekuwa namsahihishia, maana Kiswahili cha Tata, jamani, ofisi ilikikausha kikabaki mifupa.

Jumatano hiyo alinisomea alichoandika: "Gari la wagonjwa lilitumika kinyume cha utaratibu kubeba vifaa visivyohusiana na huduma ya afya."

"Tata," nikamwambia, "hii hata mimi binti yako nasinzia."

"Andika ukweli tu. Hayo mengine ni maua."

Ukweli wenyewe ni huu. Wiki iliyotangulia, mkubwa wake wa kazi alikuwa na mazishi ya mama mkwe, na ambulensi ikatumwa ikabebe sufuria za kupikia waombolezaji, zikalazwa kwenye kile kitanda cha mgonjwa na kufungwa kwa mshipi wa mgonjwa zisigongane njiani. Karatasi iliyomfikia Tata ilisema gari limeenda kuchukua mgonjwa. Siku hiyo hiyo jirani yetu, Anti Nyanchama, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mume wake alipiga simu, akaambiwa gari limetoka na mgonjwa mwingine, asubiri. Hawakuweza kusubiri. Alipandishwa pikipiki, akaketi katikati, mwendeshaji mbele na mume nyuma amemshikilia, na hawakuwa wamefika hata Keumbu penye hospitali. Mtoto alitoka kando ya barabara, kwenye shamba la majani chai la watu, na hakulia.

Nilichukua kalamu, nikakata ile sentensi ya Tata, na juu yake nikaandika: Siku hiyo sufuria zilisafiri zikiwa zimelala, na mwenye uchungu akasafiri akiwa ameketi.

Tata alisoma, akavua miwani, akaiweka mezani. Mama alikuwa anachambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, akaacha. Kisha Tata akasema, "Hii iweke."

Tangu nianze kumsahihishia hakuwa amenikubalia hata ua moja. Nikaiandika yote kwenye simu yake, nikaituma, na wakati ugali unasongwa nikafungua daftari langu nyuma nikainakili sentensi yangu, nikaweka siku, nikaweka saa, nikaweka kila kitu. Hilo ndilo kosa la kwanza na lilikuwa dogo hivyo, hata mistari mitano haikufika.

Alhamisi asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, Kwamboka akanishika mkono. Kwamboka ni wa bweni, tunaketi dawati moja, na Mungu alipogawa sauti yeye alipewa yake na yangu.

"Kemu, niokolee, mtihani wa insha ni saa nne na kichwa iko tupu kabisa. Nipe hiyo daftari yako ya mapambo. Nikianguka hii, mathe ataniuza pamoja na ndizi."

(Mathe ndiye mama, kwa lugha ya bweni.) Nikampa. Sijawahi kumnyima mtu kitu. Ningeweza kumwambia usifike ukurasa wa mwisho, ningeweza kuuchana, na niliukumbuka, wallahi niliukumbuka (na mimi si Mwislamu, ni tabia nimeokota kwa wenye maduka mjini), lakini kuna sehemu ndogo ndani yangu ilitaka mtu aione. Saa nne kasorobo akanirudishia huku akinipiga kofi mgongoni: "Hii ya sufuria ni moto! Umeitoa wapi?" Nikanyanyua mabega. Nilifurahi mpaka jioni.

Dirisha la Nyuma halikuwa na haraka, habari ya Tata ilitokea Jumapili. Kufika Jumatatu nilitumwa sokoni Keumbu, na mama mmoja anayeuza mboga alikuwa anamwambia mwenzake sentensi yangu, neno kwa neno, akiipigia na makofi. Kijana wa mkokoteni alipita na mikungu ya ndizi akipiga kelele, "Pisheni! Pisheni! Ndizi zinasafiri zimelala!" na soko zima likacheka, na mimi nimesimama hapo na kikapu changu, mtu ambaye hakuna anayemjua, nikiwa ndiye niliyeitoa kichwani. Sijui kama mnaelewa utamu huo. Na sijui kama mnaelewa unavyouma usipoweza kuusema.

Nyumbani Tata alisema mkubwa anapita mlango kwa mlango ofisini akiwasalimia makarani, jambo ambalo hajawahi kufanya. "Ananusa," akasema mama. Tata akasema, "Anuse. Makarani ni wengi."

Wa bweni hawaruhusiwi simu, na mwalimu wetu wa Kiswahili, Madam Gesare, anakaa ndani ya shule na simu yake ni ile ya vibonyezo. Kwa hivyo sentensi ilizunguka Gusii yote ikaacha kuingia geti letu moja tu. Mimi niliyekuwa natoka na kuingia kila siku sikufikiria lolote. Nilidhani insha ya Kwamboka imesahihishwa na imekufa.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, ikawa siku ya zawadi. Hema, viti vya plastiki, wazazi na nguo zao za kutokea, Tata na suti yake ya Sabato, mstari wa tatu, na mama nyuma kabisa na wanawake wenzake. Na mgeni wa heshima ni nani? Mkubwa. Yule yule. Kumbe ni mtu wa huku, na alikuja na zawadi kwa jiko la shule, na zawadi yenyewe (sijui niape kwa nini mniamini) ilikuwa sufuria mbili, kubwa, za kuoga mtu, zimefungwa utepe mwekundu na kuwekwa jukwaani.

Wakatangaza insha bora ya kidato cha tatu, itasomwa na mwandishi wake. Kwamboka akapanda. Nilimpigia makofi, mjinga mimi. Aya ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu akaanza kuwasema viongozi wabinafsi, na hapo nikaisikia ikija, kama vile uko kwenye kichochoro chembamba na unaona ng'ombe anakuja mbio na hakuna pa kuegemea.

"Siku hiyo sufuria zilisafiri..." akasoma Kwamboka, akavuta pumzi.

"ZIKIWA ZIMELALA!" wazazi wakammalizia.

Hema likapasuka kwa kicheko. Kwamboka akaduwaa na karatasi yake. Kisha macho ya watu, moja moja, yakahamia jukwaani kwenye zile za utepe, na mzee mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Na hizo za leo, zimekuja zimelala ama zimeketi?" Mama mmoja alicheka mpaka kiti kikavunjika mguu. Mkubwa hakucheka. Alitabasamu kwa midomo tu, meno yakabaki ndani.

Naibu wa mwalimu mkuu akanyakua maikrofoni. "Huyu mwanafunzi ameiba maandishi ya wachochezi wa mtandaoni! Tunaomba radhi kwa mgeni wetu. Zawadi yake imefutwa!"

"Sijaiba!" Kwamboka akalia, na hakuhitaji maikrofoni. "Mtandao gani, mwalimu? Mimi niko bweni! Angalia tarehe!"

Madam Gesare akapanda jukwaani. Ni mwanamke mfupi, na nampenda mpaka leo, hata baada ya alichonifanyia bila kujua. Akainua ile karatasi. "Mwanafunzi wangu si mwizi. Nilisahihisha hii Alhamisi ya mtihani, tarehe yangu ndiyo hii kwa kalamu nyekundu."

Mzazi mmoja aliyekuwa na simu yake mkononi akasema, wala hakuwa na ubaya, "Lakini Madam, huku ilitoka Jumapili. Jumapili iliyofuata."

Kicheko kikafa. Uliweza kuona watu wakihesabu siku kwa vidole. Mkubwa akasogea mbele kwenye kiti chake.

"Mimi niliitoa kwa daftari ya Kemunto!" Kwamboka akasema. "Kemunto, si useme! Utaacha wanimalize?"

Vichwa vyote vikageuka. Sikumbuki kutazamwa na watu wengi hivyo tangu nizaliwe. Ningeweza kusema daftari limepotea. Ningeweza kusema liko nyumbani. Ningeweza kuzimia, wasichana huzimia siku za jua kali na hakuna anayeuliza. Lakini nitawaambia ukweli ambao hata Tata sijamwambia: mkono ulienda kwenye mkoba wenyewe, daftari likatoka, na Madam aliposhuka kulichukua mimi ndiye niliyemfungulia ukurasa. Mimi. Nikaweka na kidole ili asihangaike kutafuta. Nilidhani ataangalia haraka, atasema ni kweli, sentensi ni ya Kemunto, na watu watapiga makofi. Kwa muda huo mfupi, wa kufungua ukurasa mmoja tu, Tata hakuwa kichwani mwangu kabisa.

Madam akarudi jukwaani na, kwa sababu alikuwa anajivunia, akasoma kwa maikrofoni, yote, tangu juu:

"Jumatano, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Jikoni. Tata anasoma habari yake ya ofisini, mimi namsahihishia. Mama anachambua chinsaga. Sentensi hii ni yangu mwenyewe na Tata ameikubali."

Alipofika "Tata ameikubali" sauti yake ilikuwa inazima kama pikipiki iliyoishiwa mafuta. Alielewa. Kila mtu alielewa. Spika ilikuwa bado inanguruma peke yake.

Tata hakunitazama. Alikuwa ametulia na kofia yake magotini, na watu waliokaribiana naye, niliwaona, wakavuta viti vyao pembeni kidogo, huyu kulia, huyu kushoto, watu ambao dakika tano zilizopita walikuwa wanapiga kelele sentensi yake kwa furaha. Viti vya plastiki kwenye nyasi havitoi sauti. Mimi nilivisikia.

Mkubwa akaomba maikrofoni. "Mwalimu, wote wawili wapewe zawadi. Huyu binti ana kipaji." Kisha akautazama mstari wa tatu, taratibu, kama mtu anayetafuta rafiki yake. "Na wewe, mzee wangu. Miaka yote hii nakuona na karatasi zako, sikujua kwamba jikoni kwako pia kuna ofisi."

Na watu wakacheka. Hapo ndipo siwezi kuwasamehe. Wale wale. Mama wa kiti kilichovunjika akacheka, yule mzee wa nyuma akacheka, kwa sababu sasa kicheko kilikuwa kimehamia upande wa mwenye maikrofoni. Nilipewa kamusi. Mkubwa alinipa mkono, mkono laini, akaniambia, "Endelea hivyo hivyo," na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga goti kidogo nikasema asante.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Tata mbele, mama katikati, mimi nyuma na kamusi yangu. Watu wanaotusalimia kila siku walikuwa ghafla na kazi nyingi ya kuangalia migomba yao. Tata aliongea mara moja tu, bila kugeuka.

"Kwa nini uliandika saa?"

Hakuuliza kwa nini nilimwandika yeye, wala kwa nini nilimpa Kwamboka. Aliuliza saa.

Kabla jua halijazama simu yake ikalia, akatoka nayo mpaka kwenye majani chai, tukawa tunasikia tu "Ndiyo mkubwa, ndiyo mkubwa, nimekuelewa." Aliporudi alimwambia mama kwamba inatakiwa barua, ipelekwe kwa mkono nyumbani kwa mkubwa kesho saa nne asubuhi, na isipofika, Jumatatu asijisumbue kuja kazini. Mama akauliza, "Kesho? Sabato?" Tata akasema, "Kesho."

Wakati huo Anti Nyanchama alikuwa amesimama mlangoni, hatujui tangu lini. Hakutaka kuingia.

"Nasikia ni nyinyi mlioandika," akasema.

"Ni sisi," mama akajibu.

"Mliandika nilikuwa nimeketi."

Nilidhani atatutukana.

"Ni kweli. Niliketi," akasema. "Hata wa kwetu hawakuniuliza nilisafiri vipi." Akavuta leso yake kifuani, akaenda.

Kama mnataka funzo, langu ni chungu na halifai hata kwa insha. Watu wanapenda anayesema ukweli kama hawamjui jina, wakimjua wanamvutia kiti pembeni. Na anayeficha jina hapaswi kuishi nyumba moja na mtu anayetaka lake lijulikane. Nimeapa mapambo nimeacha. Daftari hili ninaloandikia sasa ni jipya na jalada halina jina, na nikifika mwisho wa ukurasa nalitazama kila pembe kabla sijalifunga.

Jumamosi asubuhi Tata alikuwa mezani na nguo za nyumbani. Suti ilikuwa imetundikwa, viatu vimeng'aa tangu jana, ngoma ya vijana wa kanisa ilikuwa imeanza kusikika bondeni. Alikuwa na karatasi mbele yake, haina kitu.

"Mkono wangu umekataa," akasema. "Andika wewe. Kiswahili chako ni kizuri. Lakini usiweke maua."

Nikaketi. Akanitajia polepole, kwa ile lugha yake ya ofisini, na mimi sikubadilisha hata neno. Kwamba habari zilizoenezwa hazina ukweli. Kwamba siku hiyo gari lilikuwa kwenye kazi halali. Kwamba hakuna mgonjwa yeyote aliyekosa huduma.

Hapo kwa mgonjwa kalamu ikasimama. Kupitia dirishani nilimwona Anti Nyanchama akishuka njia ya kanisani na kitambaa chake cheupe kichwani, anatembea peke yake, taratibu, kama bado anaumwa. Tata naye alimwona. Hakusema andika, hakusema acha, alisubiri tu na mikono yake juu ya meza.

Nikaandika. Hakuna mgonjwa yeyote aliyekosa huduma.

Chini akatia sahihi, na chini ya sahihi majina yake yote matatu, na ndiyo ikawa kazi yangu ya kwanza kutoka nyumbani kwetu ikiwa na jina. Akavaa miwani, akaisoma tangu mwanzo, kisha akairudisha kwangu kwa kidole kimoja.

"Umesahau tarehe," akasema.

Nikaiweka.